Maisha ya Capablanca, Bingwa wa Sataranji

Muhula huu Chama cha Sataranji cha shule yetu kimepata wanachama wapya wengi, na wengi wao wameniuliza ni nani aliyepata kuwa hodari kupita wote katika mchezo huu. Swali hilo halina jawabu moja, lakini kuna jina lisilokosa kutajwa kila linapoulizwa, nalo ni jina la José Raúl Capablanca wa Cuba. Mhariri ameniomba niandike habari za maisha yake, nami nimekubali kwa furaha, kwa sababu maisha hayo yana fundisho lituhusulo sote, wanafunzi, walimu na wazazi, hata wale wasiojua kucheza. Ni habari ya mtu aliyejaliwa kipaji kuliko wenzake, akapanda kwacho hadi kileleni, kisha akashushwa na mtu aliyemzidi kwa kujitayarisha.

Kwanza yafaa niseme machache juu ya mchezo wenyewe. Sataranji ilianza Bara Hindi zamani sana, ikapita Uajemi, ikafika kwa Waarabu, na jina tulitumialo katika Kiswahili lilitoka kwao. Huchezwa na watu wawili katika ubao wenye miraba 64, nusu myeupe na nusu myeusi. Kila mchezaji ana kete 16, nazo ni mfalme mmoja, malkia mmoja, ngome mbili, farasi wawili, maaskofu wawili na askari wanane. Anayemzingira mfalme wa mwenzake hata asiwe na pa kukimbilia ndiye mshindi. Ikiwa hapana awezaye kushinda, mchezo huwa sare.

Mchezo una sehemu tatu: mwanzo, katikati na mwisho. Wazee wetu wanaocheza bao wanajua kwamba mtu akinamua vibaya atataabika hadi mwisho, na katika sataranji mambo ni hayo hayo. Mwanzo ni wakati wa kutoa kete majumbani na kuzipanga kwa vita. Kwa kuwa kete huanza mahali pale pale siku zote, watu wameweza kuichunguza mianzo kwa mamia ya miaka, wakaipa majina na kuiandikia vitabu vingi. Mchezaji aliyeisoma nyumbani huja ubaoni na hatua kumi au kumi na tano zilizo tayari kichwani. Asiyeisoma hana budi kuzitafuta palepale huku saa inakwenda. Msomaji na akumbuke tofauti hiyo, maana ndiyo iliyoamua mambo makubwa katika maisha ya Capablanca.

Utoto wake

Capablanca alizaliwa mjini Havana tarehe 19 Novemba, 1888, wakati Cuba ilipokuwa bado koloni la Hispania. Baba yake alikuwa afisa wa jeshi. Yeye mwenyewe alipokuwa mtu mzima alisimulia jinsi alivyojifunza mchezo huu kabla hajatimiza miaka mitano. Baba yake alikuwa akicheza na afisa mwenzake, na mtoto akasimama kando kwa siku kadhaa akiwatazama. Hakufundishwa na mtu. Siku moja aliona baba yake ameendesha farasi isivyo halali, wala mwenzake hakutambua. Mchezo ulipokwisha mtoto alicheka na kumwambia baba yake kwamba amedanganya. Baba alikasirika, akamtaka athibitishe kwamba anajua kucheza. Wakapanga kete, na mtoto akamshinda baba yake.

Alipokuwa na miaka 12, mwaka wa 1901, alipangiwa kushindana na Juan Corzo, mmoja wa wachezaji wenye nguvu kuliko wote nchini Cuba. Corzo alikuwa amesoma vitabu, anaijua mianzo yote iliyotumika siku zile, na michezo mingi ya mabingwa ameihifadhi kichwani. Mtoto yule hakujua mwanzo hata mmoja kwa kitabu. Hapo mwanzo alishindwa, na watu wakadhani mambo yamekwisha. Lakini kadiri siku zilivyokwenda aliona kwamba hatua zikishatoka kitabuni Corzo naye ni mtu kama yeye. Mwishowe Capablanca alishinda michezo 4, akashindwa 3, na 6 ikawa sare. Wakati huo alikuwa ndiyo kwanza ametimiza miaka 13.

Nadhani ushindi huo ulimfaa na pia ulimdhuru. Ulimfaa kwa kumpa moyo. Ulimdhuru kwa sababu alipata kuona, akiwa bado mtoto, kwamba aweza kumshinda msomi bila ya kusoma. Mtoto akishajifunza jambo kama hilo ni kazi kubwa kulisahau.

Masomo na safari

Mwaka wa 1906 aliingia Chuo Kikuu cha Columbia, New York, asomee uhandisi wa kemia. Lakini katika mji huo palikuwa na Manhattan Chess Club, nyumba iliyokuwa ikikusanya wachezaji hodari wa Marekani, naye alikaa huko saa nyingi kuliko zilizofaa. Mwaka wa 1908 aliacha masomo ya chuo, akaanza kusafiri mji hadi mji akicheza na watu wengi kwa mara moja. Husimama katikati ya meza zilizopangwa duara, akapita kwa kila mmoja, akatupa jicho ubaoni, akasogeza kete, akaenda kwa mwingine. Wepesi wake uliwashangaza watu. Pale ambapo wengine walihesabu hatua moja moja, yeye alionekana kama mtu aonaye tu kete ipendapo kukaa.

Mwaka wa 1909 alishindana na Frank Marshall, mchezaji wa Marekani aliyekuwa na sifa kubwa Ulaya na aliyekuwa ameshinda mashindano ya Cambridge Springs mwaka wa 1904 bila kufungwa hata mara moja. Watu wengi walidhani kijana atafundishwa adabu. Matokeo yakawa kinyume. Capablanca alishinda michezo 8, akashindwa 1, na 14 ikawa sare.

Marshall alikuwa mtu mwungwana. Mwaka wa 1911 kulifanywa mashindano makubwa San Sebastián, Hispania, yasiyoruhusiwa ila wachezaji waliokwisha kupata zawadi katika mashindano ya daraja la juu. Capablanca hakuwa na sifa hiyo, lakini Marshall alishikilia kwamba akubaliwe. Baadhi ya wachezaji walinung'unika, mmoja wao akiwa Ossip Bernstein wa Urusi. Katika raundi ya kwanza kabisa Capablanca alipangwa kucheza na Bernstein, akamshinda kwa mchezo mzuri hata akapewa zawadi ya mchezo uliopendeza kupita yote. Mashindano yalipokwisha alikuwa wa kwanza, na aliyemfunga alikuwa Akiba Rubinstein peke yake. Tangu siku hiyo hakuna aliyeuliza tena yeye ni nani.

Serikali ya Cuba iliona fahari kwa kijana wake. Mwaka wa 1913 ilimpa kazi katika Wizara ya Mambo ya Nchi za Nje, na kazi yenyewe hasa ilikuwa kuitangaza nchi yake kwa kucheza sataranji ulimwenguni.

Somo la St. Petersburg

Mwaka wa 1914 walikutana St. Petersburg, Urusi, wachezaji wakubwa wa zama hizo. Alikuwapo Emanuel Lasker wa Ujerumani, bingwa wa dunia tangu mwaka wa 1894, na kijana wa Kirusi jina lake Alexander Alekhine, ambaye tutakutana naye tena. Katika sehemu ya kwanza ya mashindano Capablanca aliwaacha wote nyuma, Lasker akiwa nyuma yake kwa pointi moja na nusu.

Katika sehemu ya mwisho Lasker alikuwa hana budi kumshinda Capablanca. Alichagua Mwanzo wa Kihispania, uitwao hivyo kwa ajili ya kasisi Ruy López wa Hispania aliyeuandika katika kitabu mwaka wa 1561. Katika mwanzo huo Lasker alifuata njia ambayo watu waliidhani kuwa baridi na ya kutafutia sare, njia ya kubadilishana askofu kwa farasi mapema na kuondoa malkia ubaoni. Capablanca naye akacheza kwa ubaridi, kama mtu asiyeona hatari. Lasker hakuwa akitafuta sare hata kidogo. Alimbana polepole mpaka akamshinda. Siku iliyofuata Capablanca, akiwa bado na kidonda hicho moyoni, alifungwa na Tarrasch pia. Lasker alimaliza na pointi 13 na nusu, Capablanca 13. Nusu pointi hiyo ilimfundisha kwamba mwanzo si jina lake wala sifa zake. Huchaguliwa kwa kumfikiria mtu aliyeketi mbele yako.

Shambulio la Marshall

Sasa nieleze mchezo mmoja ambao nimeuchezesha ubaoni mara nyingi pamoja na wanachama wetu. Ulichezwa New York tarehe 23 Oktoba, 1918, kati ya Capablanca na Marshall yule yule. Capablanca, mwenye kete nyeupe, alianza kwa Mwanzo wa Kihispania. Katika hatua ya nane Marshall akasukuma askari aliye mbele ya malkia miraba miwili, akamtoa bure. Lilikuwa jambo la kushangaza. Askari huyo alikuwa kafara, na atakayemla atajikuta kete za adui zote zimemwelekea mfalme wake.

Watu hupenda kusimulia kwamba Marshall aliificha silaha hiyo kwa miaka mingi akimngoja Capablanca tu. Wachunguzi wa kumbukumbu za michezo wameitilia shaka hadithi hiyo, nami siitegemei. Lililo hakika ni kwamba Marshall alikuwa ameutayarisha mwanzo huo nyumbani, na Capablanca aliutambua mtego mara moja. Baadaye aliandika kwamba aliona ni heshima yake inayojaribiwa, akaamua kumla askari na kuyapokea yote yatakayokuja. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Hatua nyingi zikapita Marshall akirusha kete juu ya mfalme mweupe, na kila mara ikaonekana kama mchezo umekwisha. Capablanca alikuwa akitafuta ulinzi kwa akili yake mwenyewe huku mwenzake akicheza mambo aliyokwisha kuyafikiria kwa utulivu. Kila shambulio lilikuta mlango umefungwa. Hatimaye kete za Marshall zikabanwa upande mmoja wa ubao, na upande wa pili askari wa Capablanca wakaanza kusonga mbele bila wa kuwazuia. Ukawa umekwisha katika hatua ya 36.

Mwanzo ule unaitwa Shambulio la Marshall hata leo, na mabingwa wanaendelea kuutumia, maana wachunguzi waliofuata wameona kwamba Marshall alikuwa na njia bora zaidi za kuendesha vita vyake. Kwa hiyo ajabu ni kubwa zaidi: mtu mmoja, ubaoni, kwa muda wa saa chache, alilizuia shambulio ambalo mabingwa wengine wamelishughulikia kwa miaka 100 bila kulimaliza.

Ubingwa wa dunia

Capablanca alikuwa amekwisha kuingia katika miaka ambayo hajapata kulinganishwa nayo mtu. Baada ya kufungwa New York mwezi wa Februari 1916, hakufungwa tena katika mashindano mpaka Machi 1924. Kwa miaka minane alicheza michezo 63, akashinda 40 na 23 ikawa sare.

Katikati ya miaka hiyo, mwaka wa 1921, Lasker alikuja Havana kushindana naye kwa ajili ya ubingwa. Mcheza kwao hutunzwa, wasema wahenga, na Capablanca alitunzwa na mji mzima. Katika michezo 14 alishinda 4, na 10 iliyobaki ikawa sare. Lasker, aliyekuwa bingwa kwa miaka 27, hakupata ushindi hata mmoja. Mwaka huo huo Capablanca alitoa kitabu cha kufundishia mchezo ambacho kinasomwa hata leo. Ndani yake anaanza kwa kufundisha jinsi ya kumaliza mchezo, kwa kete chache ubaoni, kabla ya kuingia kwenye mianzo. Aliamini kwamba anayejua nguvu ya kila kete peke yake atajua pia mahali pa kuiweka zikiwa zote pamoja. Ni mafundisho mazuri, nami huyafuata katika chama chetu.

Mwaka wa 1922, wakati wa mashindano ya London ambayo Capablanca aliyashinda, mabingwa walitia sahihi kanuni za kugombea ubingwa. Atakayemwita bingwa sharti alete dola 10,000, na mshindi atakuwa yule atakayetangulia kushinda michezo 6, bila kuhesabu sare. Kanuni hizo zilitengenezwa na Capablanca. Hakujua kwamba siku moja zitamfungia mlango yeye mwenyewe.

Ishara moja ilikuja New York mwaka wa 1924. Richard Réti, mzaliwa wa Austria-Hungary, alikuwa mmoja wa vijana waliokuwa na mawazo mapya juu ya mianzo. Wazee walifundisha kwamba sharti uwahi kuweka askari katikati ya ubao. Vijana hao walisema kwamba yatosha kuielekezea katikati macho ya maaskofu na farasi kutoka mbali, na kumwachia adui aweke askari wake huko wapate kushambuliwa. Réti alianza kwa farasi, akaweka maaskofu wake katika njia ndefu za mshazari, na katika hatua ya 31 Capablanca alikubali kushindwa. Ile miaka minane ikawa imekwisha. Mashindano hayo aliyashinda Lasker, na Capablanca akawa wa pili.

Buenos Aires, 1927

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kufikia mwaka wa 1927 sifa za Capablanca zilikuwa zimezidi kiasi. Magazeti yalimwita mashine isiyokosea. Mwanzoni mwa mwaka huo alishinda mashindano ya New York bila kufungwa hata mchezo mmoja, akamwacha Alekhine, aliyekuwa wa pili, nyuma kwa pointi mbili na nusu. Na Alekhine huyo ndiye aliyekuwa amepata fedha za kumwita kwenye ubingwa. Hakuwa amewahi kumshinda Capablanca hata siku moja. Wengi waliona kwamba hakuna la kungoja.

Wala nisieleweke kwamba Capablanca alikuwa mjinga wa mianzo. Aliijua vya kutosha, na mingine aliitengeneza mwenyewe. Lakini hakupenda kukesha nayo, na alitumaini kwamba lolote litakalotokea ubaoni atalipatia dawa, kama alivyolipatia kwa Corzo na kwa Marshall. Alekhine alikuwa mtu wa namna nyingine. Sataranji ilikuwa kazi yake ya mchana na usiku. Kabla ya kwenda Buenos Aires aliichukua michezo ya Capablanca, akaichunguza mmoja mmoja kama daktari achunguzavyo mgonjwa. Akaona kwamba bingwa hakuwa mashine. Palikuwa na nafasi alizokuwa amezipoteza na makosa madogo yaliyopita bila kuadhibiwa, kwa sababu wapinzani walikuwa wamekwisha kuogopa. Mambo hayo aliyaandika baadaye, nayo yanasomeka.

Shindano lilianza tarehe 16 Septemba, 1927. Katika mchezo wa kwanza Alekhine, mwenye kete nyeusi, alitumia Ulinzi wa Kifaransa, akashinda. Capablanca akajibu kwa kushinda wa tatu na wa saba, na watu wakasema sasa mambo yamerudi mahali pake. Kumbe vita vilikuwa vimehamia mahali pengine. Michezo 32 kati ya 34 ilianza kwa mwanzo mmoja, uitwao Kafara ya Malkia Iliyokataliwa. Mweupe hutanguliza askari wa malkia, mweusi naye hivyo hivyo. Mweupe humtoa askari wa jirani kama kafara, na mweusi hukataa kumla, akaimarisha ngome yake. Ni mwanzo mgumu na wa subira, na wote wawili walikuwa na imani nao.

Siku kwa siku, juma kwa juma, hatua zile zile zikarudiwa, kila mmoja akitafuta badiliko dogo. Katika vita vya namna hiyo, anayerudi chumbani kuchunguza hujipatia faida. Mchezo wa 11 ulikuwa mrefu na wenye makosa pande zote, na ulipofika mwisho kila mmoja alikuwa na malkia wawili ubaoni. Alekhine akashinda, akashinda pia wa 12, akawa mbele. Akaongeza wa 21. Capablanca alijikaza akapata wa 29, na kisha Alekhine akachukua wa 32. Alekhine aliugua meno katikati ya shindano, lakini hakulegea. Mchezo wa 34 ulisimamishwa kwa kuwa ulikuwa mrefu, na tarehe 29 Novemba, badala ya kuja kuumaliza, Capablanca alipeleka barua ya kukubali kushindwa na kumpongeza mwenzake. Alekhine alikuwa ameshinda 6, Capablanca 3, na 25 zilikuwa sare.

Miaka ya kungoja

Capablanca aliomba mara nyingi washindane tena. Alekhine akamjibu kwa kanuni za London: dola 10,000 kwanza. Mwaka wa 1929 uchumi wa dunia ulianguka, na fedha kama hizo zikawa adimu. Wawili hao, ambao zamani walikuwa marafiki, walifika mahali pa kutokusalimiana, na kwa miaka karibu tisa hawakukutana ubaoni. Ubingwa haukumrudia Capablanca kamwe.

Yeye mwenyewe katika miaka hiyo alisema kwamba sataranji inakaribia kuisha, maana wachezaji wakubwa wataijua mianzo yote na kila mchezo utakuwa sare. Alitoa shauri ubao upanuliwe na kete mpya mbili ziongezwe. Shauri hilo halikufuatwa, na sataranji haikuisha. Siku hizi wachezaji wa daraja la juu huchunguza mianzo kwa msaada wa kompyuta, na bado watu hushinda na kushindwa.

Lakini naomba msomaji asidhani kwamba alikaa akilia. Mwaka wa 1936, akiwa na miaka 47, alikuwa wa kwanza Moscow bila kufungwa, akimtangulia kijana wa Kirusi Mikhail Botvinnik ambaye baadaye alikuwa bingwa wa dunia. Mwaka huo huo alikwenda Nottingham, Uingereza, ambako mabingwa wote wa zama hizo walikusanyika, na hapo alishirikiana nafasi ya kwanza na Botvinnik. Huko alikutana na Alekhine tena, naye akamshinda.

Afya yake ilikuwa imeanza kuharibika kwa shinikizo la damu. Mwaka wa 1938, katika mashindano makali yaliyochezwa Uholanzi, alikuwa wa saba miongoni mwa wanane. Mwaka uliofuata alikwenda Buenos Aires kuiwakilisha Cuba katika mashindano ya mataifa, na Vita Kuu ya Pili ikaanza wakati mashindano yakiendelea. Katika mji ule ule alikonyang'anywa ubingwa, alipata medali ya kuwa na matokeo bora kuliko wachezaji wote wa ubao wa kwanza, Alekhine akiwa mmoja wao.

Jioni ya tarehe 7 Machi, 1942, alikuwa katika Manhattan Chess Club, ile nyumba aliyoijua tangu ujana, akitazama wengine wakicheza. Ghafla alijisikia vibaya, akaanguka. Alipelekwa hospitali ya Mount Sinai, akafa alfajiri ya tarehe 8 kwa kupasuka mshipa wa kichwani. Alikuwa na miaka 53. Mwili wake ulirudishwa Havana ukazikwa kwa heshima kubwa. Tangu mwaka wa 1962 Cuba imekuwa ikifanya mashindano ya kumkumbuka.

Fundisho lake

Katika maisha yake yote ya utu uzima michezo aliyofungwa katika mashindano makubwa haikufika 40. Hakuna bingwa wa zama zake awezaye kusema hivyo, na hakuna mwenye haki ya kumwita Capablanca mvivu aliyeharibikiwa. Mimi namhesabu kuwa mwenye kipaji safi kuliko wote walioketi mbele ya ubao.

Hata hivyo wazazi hunijia mara kwa mara kuniambia kwamba mtoto wao ana akili, kwa hiyo hana haja ya kusoma usiku. Wanafunzi nao humsifu mwenzao apataye maksi nzuri bila kufungua daftari. Kila nisikiapo hayo huyakumbuka mambo mawili niliyoyasimulia hapa. Mwaka wa 1918 Capablanca alikutana na mtu aliyejitayarisha kwa mchezo mmoja, na kipaji chake kikatosha. Mwaka wa 1927 alikutana na mtu aliyejitayarisha kwa michezo 34, na hakikutosha. Kazi nyingi za maisha, kuanzia mtihani wa Kidato cha Nne, zinafanana na shindano la Buenos Aires kuliko mchezo wa New York.

Wale wanachama wetu wapya walioniuliza swali lao watapata michezo yote miwili, ule wa mwaka wa 1918 na ule wa 11 wa mwaka wa 1927, imenakiliwa na kubandikwa katika ubao wa matangazo wa maktaba. Wauchukue ubao, wapange kete, wafuate hatua moja moja, na kila wafikapo mahali pagumu wajiulize wangefanya nini kabla ya kutazama mbele.